Dawa ya Kuchua Kwenye Jani la Pamba

Pale Dutwa kuna watu wasiolijua jina langu la ubatizo lakini wanajua vizuri jinsi nilivyoonekana kwenye televisheni kuanzia kiunoni kwenda chini, na nikisema hivyo msidhani natia chumvi. Ni aibu, nimeibeba kama ng'ombe anavyobeba chapa ya moto, na leo nimeona bora niieleze mwenyewe kwa sababu wanaoieleza kwa niaba yangu wameiongezea mambo mengi mno (sikuvua suruali, naomba hilo lieleweke tangu mwanzo).

Mimi ni Shija. Shule niliiacha darasa la tano, na wala sikufukuzwa, ila lori la pamba lilisimama mbele ya shule kubadilisha tairi, nikatoka kwenda kuangalia jeki inavyoinua mzigo mkubwa vile, na tairi lilipokwisha kufungwa nilikuwa nimeshapanda juu ya marobota naelekea Nyalikungu. Tangu hapo nimekuwa utingo, nimechoma matofali, nimesukuma marobota kwenye jineri la kuchambulia pamba, nimekata tiketi kwenye kibanda cha video, na kila kazi nimeiacha siku ile ile niliyokwisha kuelewa inavyokwenda. Ndugu zangu wanaita uzururaji. Mimi nilikuwa naona ni kusoma, ila bila viboko.

Mkasa huu ulitokea ile miaka ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba, makampuni yakaingia kila moja na mizani yake na maneno yake matamu. Mwaka huo mvua ilikatika pamba ikiwa inaanza kutoa maua, na jua likashuka juu ya mbuga mpaka ardhi ikapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Kampuni moja ikaleta pampu ya kujaribia, ya kuvuta maji kutoka kwenye lambo la ng'ombe na kuyapeleka shambani. Pampu ilikuwa moja, na kando ya lambo kulikuwa na mashamba mawili: upande wa udongo wa kichanga la Mzee Maduhu, upande wa udongo mweusi la dada yangu Kabula.

Jina Kabula hupewa binti aliyezaliwa wakati wa mvua, kwa hiyo majirani walikuwa wanamtania kila siku, "Kabula, si uite wenzako basi!" Yeye alikuwa hacheki. Mumewe alikwenda machimboni akaendelea kwenda, na pamba ile ndiyo ilikuwa chakula cha nyumba yake, ndiyo sare za wanawe, ndiyo bati alilokuwa anataka kuezekea. Mimi nilikuwa nakula kwake bure tangu niache ile kazi ya video.

Kampuni ilisema pampu itakwenda kwenye shamba lenye kiu lakini ambalo bado ni zima, kwa sababu hakuna faida ya kumnywesha maiti. Ili kujua ni lipi, wakamwomba mtafiti mmoja wa mimea, Bi Aneth, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana na sauti ndogo, aje na kamera yake ya joto.

Mimi niliposikia kuna kamera inayoona joto, nilimfuata yule mama kama ndama. Sikuulizia hata mshahara. Akanipa kazi ya kubeba betri ya gari (kamera ilikuwa kubwa, inakula betri nzima), na jioni ile nilimuuliza maswali mpaka dereva wake, Masanja, akaniambia kama Wasukuma tunavyoitana wanaume, "Ngosha, mwache mama ale ugali."

Bi Aneth hakuchoka. Alinieleza kwamba jani lina matundu madogo ambayo macho hayawezi kuyaona, na mmea ukiwa na maji ya kutosha hutoa jasho kupitia matundu hayo, jasho likikauka jani linapoa, kama mtu aliyelowa akipitiwa na upepo. Maji yakipungua ardhini mmea unafunga matundu ili usimalize akiba, na hapo jani linaanza kupanda joto, siku nyingi kabla macho yako hayajaona limesinyaa. Kamera inaliona joto hilo na kulipaka rangi: bluu ni baridi, nyekundu ni moto, na njano na machungwa zinakaa katikati.

"Lakini joto la jua la leo si la jana," nikamwambia. "Utajuaje nyekundu ya leo ni kiu au ni jua?"

Akaniangalia vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana natumia majani mawili ya kupimia. Moja nalinyunyizia maji, hilo ni kama mmea ulioshiba. La pili nalipaka mafuta ya mgando pande zote mbili, matundu yanaziba, halitoi jasho kabisa, hilo ni kama mmea uliokwisha kukata tamaa. Shamba lolote lazima liwe kati ya hayo mawili. Likifikia jani la mafuta, tumechelewa."

Siku ya kwanza tulipima shamba la Mzee Maduhu, rangi ikawa katikati, kiu ya kweli lakini ya kuponyeka. La dada likapangwa siku inayofuata, mbele ya watu wote, na bwana wa kampuni angekuwapo aamue hapo hapo. Mimi nikapewa cheo: mpakaji wa mafuta.

Kabula alinisubiri mlangoni asubuhi ile. "Shija, mimi sijawahi kukuomba kitu. Kazi zako zote umeziacha njiani. Hii ya leo, mdogo wangu, ifikishe mwisho."

"Nitaifikisha, dada."

"Hata ikikushinda?"

"Hata ikinishinda."

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojichimbia kaburi kwa kijiko. Kopo la mafuta ya mgando nilikuwa nimeliacha wazi kwenye kiti cha gari, na mnajua jua la kwetu, mafuta yakayeyuka yote yakamwagika, na Masanja akaja akakaa juu yake. Alishuka suruali inang'aa kama kikaango. Wakati anatukana, mimi nilikuwa nafikiri. Dukani Dutwa mafuta yapo, na baiskeli ya dada ipo, ningekwenda na kurudi bila mtu kunitafuta. Lakini watu walikuwa wameanza kujaa! Nilikuwa nimeazima televisheni na jenereta kwa yule mwenye kibanda cha video, Bi Aneth ameunganisha waya, na picha ya shamba la dada yangu ilikuwa imeshatokea kwenye kioo kile kile nilichozoea kuona Wachina wakipigana mateke. Hivi kweli mtu aache hiyo aende dukani?

Ndipo nikakumbuka kwamba kwenye mfuko wangu nina chupa ya dawa ya kuchua. Niliinunua stendi ya Bariadi kwa mmachinga, kwa ajili ya magoti, maji maji mekundu yenye spiriti na pilipili, na kwenye karatasi ya chupa kuna picha ya mwanamume aliyebeba fahali mabegani. Ukijipaka, goti linawaka moto. Nikajiuliza: kazi ya lile jani la pili ni nini? Ni kuwa na joto. Na dawa hii inafanya nini? Inaleta joto. (Niliona nimegundua jambo, jamani. Niliona hata Bi Aneth atanishukuru.) Nikachagua jani zuri, nikalichua pande zote mbili kwa vidole vyangu, taratibu, kama goti la bibi. Likikauka, naongeza.

Bi Aneth akaanza kueleza watu. Bwana wa kampuni alikuwa amesimama kando ya gari lake na miwani myeusi, anaangalia saa. Mzee Maduhu amekaa mbele kabisa kwenye kiti alichokuja nacho. Na mimi, ambaye tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa togwa ya dada kwa sababu ya wasiwasi, nikabanwa na haja ndogo. Nikazunguka nyuma ya ua wa minyaa.

Sitaeleza kila kitu. Mwanamume yeyote aliyewahi kukata pilipili halafu akaenda kujisaidia anajua ninachosema, na asiyejua namwombea asijue. Mwanzo nilihisi kama nimeumwa na mdudu. Halafu nikadhani ni utomvu wa minyaa. Halafu nikanusa vidole vyangu, na nikaelewa kila kitu kwa mara moja, vizuri kuliko nilivyowahi kuelewa jambo lolote maishani, na moto ulikuwa unapanda. Nilijaribu kusimama kama mtu mzima. Nikajaribu kuruka ruka kidogo. Lambo lilikuwa pale pale, nyuma ya watu wote, nikajisemea nitaingia kimya kimya, nikae kidogo, nitoke, nani ataona?

Niliingia mbio, na mbio hizo ziliwatisha ng'ombe waliokuwa wanakunywa.

Basi nimekaa kwenye tope, maji kiunoni, nimefumba macho, nasikia nafuu inakuja kwa mbali, ndipo nikasikia watu wanaguna. Bi Aneth alikuwa anasema, "Hapana. Hapana, hii si kawaida." Nikafumbua macho. Kutoka pale nilipokaa niliiona televisheni kati ya vichwa vya watu: jani la maji ni bluu, sawa. Jani langu nalo lilikuwa bluu, la kukolea! Na pamba yote ya dada yangu nyuma yake ilikuwa imewaka machungwa.

"Maana yake nini?" bwana wa kampuni akauliza.

"Maana yake shamba lina joto kuliko jani lililozibwa," Bi Aneth akasema, "na hilo haliwezekani, labda..."

"Kumbe imekufa kupita kufa," Mzee Maduhu akamalizia. "Kabula, pole, mwanangu. Pamba yako imekufa na bado imesimama."

Watu wakacheka kidogo, wengine wakamwonea huruma. Bwana wa kampuni akavua miwani akaifuta. "Mama, mimi nina safari ya Nkoma. Shamba la jana liko katikati, hili halina rangi ya kueleweka. Pampu iende kwa Mzee Maduhu, tumalize."

Kabula alikuwa ameshika ncha ya khanga yake na kuisokota, na kutoka mle majini niliuona mgongo wake unavyoshuka. Nikasimama ghafla, maji yakatoa kishindo, mtoto mmoja akapiga kelele, "Mtu anazama lamboni!" na Masanja, ambaye alikuwa ameshika kamera, akaigeuza nzima kwangu.

Nikajiona kwenye televisheni. Dutwa nzima ikaniona. Uso na kifua vyekundu kama kaa la moto, halafu kuanzia kiunoni mpaka magotini, palipogandamana na suruali iliyolowa, bluu nzito inayoelekea weusi.

Masanja akapaza sauti, "Ngosha! Juu mzima, chini maiti!"

Ndugu zangu, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Wanawake walishikana mabega. Mzee Maduhu alianguka na kiti chake. Mwenye kibanda cha video, ambaye ameonyesha filamu za kila namna, alikuwa analia machozi. Nami mguu mmoja ulishaanza kuelekea upande wa pili wa lambo, kule kwenye njia ya Bariadi, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu siku zote, kuondoka. Halafu nikamwona Kabula amegeuka ananitazama. Alikuwa hacheki.

Nikaugeuza mguu. Nikatoka majini upande wa watu, tope linachuruzika, nikapita katikati yao mpaka mbele ya kamera.

"Mama," nikamwambia Bi Aneth, "hiyo kamera ina uongo. Mimi huku chini naungua!"

Kicheko kikaanza upya, lakini yeye hakucheka. Aliangalia kioo, akaniangalia, akaangalia lile jani. "Unaungua, na kamera inaona baridi," akasema polepole. "Shija, umepaka nini kwenye jani langu?"

"Dawa," nikasema.

Hapo nilikosea neno. Kwetu huko ukisema umetia dawa kwenye shamba la mtu, hakuna anayefikiria goti. Watu waliokuwa wanacheka walirudi nyuma hatua moja, mama mmoja akamvuta mwanawe, na Mzee Maduhu akainuka kutoka chini akiwa amesahau kicheko.

"Dawa gani? Umetumwa na nfumu gani, wewe? Unamroga dada yako mwenyewe?"

"Sikutumwa na mganga yeyote, mzee!"

"Basi dawa ya nini?"

"Ya kuchua!"

"Umechua pamba?"

"Ndiyo!"

"Na huko chini unakoungua, huko nako ulikuwa unachua?"

Kwetu mwanamume hataji mambo hayo mbele ya dada yake. Unaweza kufa kabla ya kuyataja. Nilimtazama Kabula, naye akanitazama, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa ng'ombe, "Sema, Shija. Sema yote. Nani asiyejua umeumbwaje?"

Basi nikasema. Nikatoa chupa mfukoni nikaiinua juu, mtu na fahali wake, nikaeleza mafuta yalivyoyeyuka, jinsi nilivyofikiri kinacholeta joto kwenye goti kitaleta joto kwenye jani, jinsi nilivyokwenda haja ndogo kabla ya kunawa, na kwa nini niliingia lamboni. Sikupunguza kitu. Nilipofika kwenye kuruka ruka, hata bwana wa kampuni alikuwa ameinama anashika tumbo.

Bi Aneth akachukua chupa, akanusa, akamwaga tone kwenye mkono wa Mzee Maduhu. "Unasikiaje, mzee?"

"Baridi," Mzee Maduhu akasema. Baada ya kitambo kidogo akasema, "Ee! Inawasha!"

"Kuwasha ni kwenye ngozi yako. Spiriti ikikauka inachukua joto, kama ile pamba ya nesi kabla ya sindano. Kamera haijui muwasho, inajua joto peke yake. Kijana huyu amelowa, kwa hiyo amepoa, hata akilia. Na jani langu la ukame amelipoza badala ya kuliziba." Akamgeukia bwana wa kampuni. "Kipimo kilikuwa kibovu, shamba halijasema neno bado. Tunarudia."

"Mama, safari yangu..." bwana wa kampuni akaanza, na mkono uko kwenye mlango wa gari.

Nikaenda nikasimama mbele ya gari lake, nikiwa nimelowa vile vile. "Bwana mkubwa, muda wa chupa moja ya soda. Tena kama umekuja mpaka huku ukaniona nilivyoonekana, ukaondoka bila kuiona pamba, nimeaibika bure."

Akanitazama juu mpaka chini (hasa chini). "Iwe baridi hiyo soda," akasema.

Mafuta sasa. Na hapa ndipo nilipotaka ardhi inimeze kabisa, kwa sababu Kabula aliuliza tu kwa sauti, "Jamani, mafuta ya mgando nani anayo?" na mayu mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akaingiza mkono kwenye kikapu chake akatoa kopo zima. Lilikuwa pale muda wote. Ningeuliza tu.

Nikanyoosha mkono kulipokea, Bi Aneth akanizuia. "Wewe usiguse kitu." Kabula ndiye aliyelipaka jani jipya, pande zote mbili, kwa kidole kimoja, bila kuharakisha. Mwingine akanyunyizia maji la pili. Tukasubiri. Bwana wa kampuni anakunywa soda. Mimi nimesimama, miguu nimeitanua, nikiombea upepo.

Kwenye kioo jani la mafuta likaanza kubadilika. Machungwa yake ikakolea kidogo kidogo, likasimama kwenye nyekundu. Jani la maji likabaki bluu. Na pamba ya Kabula, mistari yote iliyokuwa inaonekana, ilikuwa machungwa. Bado haijafika kwenye nyekundu. Katikati, ikikaribia ukingoni.

"Shamba la Mzee Maduhu lilikuwa njano," Bi Aneth akasema. "Linaweza kusubiri. Hili haliwezi, lakini ni zima."

Bwana wa kampuni akarudisha chupa tupu. "Mzee Maduhu, unasemaje?"

Mzee alikuwa bado anajifuta mkono kwenye suruali. "Mimi nimeona. Pampu iende kwa Kabula, na mkimaliza huko ije kwangu. Ila huyu," akaninyooshea kidole, "asije kunichulia shamba."

Pampu ilianza kunguruma kabla jua halijalala. Maji yalipoingia kwenye mstari wa kwanza udongo ule mweusi uliyanywa kwa sauti, kama mtu aliyekimbia, na Kabula akavua ndala akasimama ndani yake. Nilikwenda nikasimama karibu naye.

"Umeifikisha," akasema.

"Imenishinda, dada."

"Nimeona. Lakini hukukimbia." Akanitazama, na hapo sasa, siku nzima ikiwa imepita, ndipo akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye matope yake. "Kaoge, Shija. Na sabuni!"

Bi Aneth alinichukua msimu mzima, Nkoma, Nyalikungu na kwingine, na ile ndiyo kazi ya kwanza niliyoendelea nayo hata baada ya kuielewa. Kabla ya kushika jani nanawa, baada ya kushika jani nanawa, chupa nisiyoijua naipeleka puani kwanza, na kitu nisichokuwa nacho nauliza kwa watu, kwa sauti, hata kama naona haya. Dawa ya kuchua sijainunua tena. Magoti yakiuma, yanauma.

Na mpaka leo nikipita Dutwa na baiskeli, hata mbele ya watu wa heshima, hakosi mmoja wa kupaza sauti kutoka kibarazani, "Juu mzima!" Zamani nilikuwa navuta kofia mpaka puani na kukanyaga pedeli. Siku hizi nainua mkono bila kugeuka, namjibu, "Na chini kumepona!"